Sura ya Tisa: Furushi la Fundi Simu

Ripoti ya maabara ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana, nao ulikuwa wa kukatisha tamaa: disketi zimeharibika, hazisomeki. Mwingine angeitia kwenye jalada, akazima taa na kwenda zake nyumbani. Lakini Inspekta huyu hakupachikwa jina la Kobe bure. Kwenda alikwenda polepole, ila hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma, na wale waliomcheka kwenye korido za kituo walikuwa wameshazoea kumkuta amefika kabla yao.

Kwa hiyo alirudi pale disketi zilipotoka, kwenye chumba cha marehemu Fundi Simu.

Chumba chenyewe kilijieleza. Kiti kimoja. Sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, vyote vimeoshwa na kufunikwa. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta ya zamani, nene kama kabati, imevikwa kitambaa cheupe, na kando yake simu ya mezani isiyo na chembe ya vumbi. Fundi Simu alifia humu peke yake, na hakuna aliyejua mpaka mama mwenye nyumba alipoona taa ya mlangoni inawaka mchana kutwa.

"Nani alikuwa akimtembelea?" Kobe alimuuliza yule mama.

"Hakuna."

"Ndugu je?"

"Ana binti. Namsikia tu, sijawahi kumtia machoni."

"Na simu hii, ilikuwa ikilia?"

"Tangu ahamie humu sijaisikia, afande. Lakini alikuwa akiinua ule mkono wake, anasikiliza mlio, kisha anaurudisha. Nikadhani anaipima. Si fundi?"

Kobe aliinua mkono wa simu. Mlio ulikuwepo. Akausikiliza kupita alivyohitaji, maana hata kwake, tangu alipomzika mkewe, simu ilikuwa pambo la nyumba, na jambo hilo lilimuuma zaidi akiwa chumbani kwa mtu kuliko akiwa kwake. Akaurudisha taratibu.

Disketi zilikutwa ndani ya tumbo la kompyuta ile ile, kwenye nafasi tupu ambako fundi mwingine angeweka kifaa. Zilifungwa kwa utepe wa umeme, kila moja imeandikwa namba kwa penseli. Mtu hafichi takataka namna hiyo. Kobe akamwambia yule mama kwamba na kompyuta nayo anaichukua, akaikumbatia kifuani, akashuka nayo ngazi akihema.

Kesi yenyewe kila mtu aliijua, au alidhani anaijua. Zamani hizo stoo ya kiwanda cha mablanketi iliungua jioni, baada ya wafanyakazi kutoka, na mtunza stoo akafia ndani, nyuma ya mlango uliokuwa ukifunguliwa kwa kitufe kimoja tu. Kitufe hicho kilikuwa ndani ya chumba cha simu. Mlinzi wa zamu alisema alipiga simu ya ndani, akaomba mlango ufunguliwe, akaambiwa angoje. Fundi Simu, msimamizi wa chumba hicho, akapanda kizimbani akaapa kwamba alikwenda nyumbani saa ya kutoka, kwamba chumba cha simu kilikuwa kitupu, na kwamba hakuna simu iliyopigwa. Meneja naye akaapa hivyo hivyo. Ikabaki kwamba Mlinzi alilala lindoni na sigara mkononi. Alipewa kifungo kirefu, nywele zikageuka nyeupe huko huko, na sasa alikuwa na rufaa moja tu iliyobaki, wiki ijayo. Ikianguka hiyo, atatoka gerezani amefunikwa shuka.

Kobe alikwenda kumwona. Mlinzi hakulalamika. Alisema neno moja tu, lile lile alilosema kortini: "Nilipiga. Wao wanajua nilipiga."

*

Makao makuu ya polisi, chini ya ngazi, kuna chumba ambacho vijana wa maabara hukipita kama wanavyopita kabati la mafagio. Humo mlikuwa na mashine ambazo dunia imeshazisahau, na mwanamke mmoja anayezisimamia, ambaye jengo zima lilimwita Shangazi. Alikuwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani.

"Kobe," alisema alipomwona na ule mzigo. "Umeongeza gamba la pili?"

"Nisaidie kwanza, utanitania baadaye."

"Nitafanya yote kwa pamoja." Akampokea kompyuta, akasoma ripoti ya maabara, akaguna. "Hazisomeki. Nani hajui kusoma, disketi au wao?"

Alizikagua moja moja, akazifuta kwa pamba yenye spiriti, kisha akatia ya kwanza kwenye mashine yake. Mashine ikakwaruza. Kwenye kioo ikatokea michoro, vinyota na herufi zisizo na kichwa wala miguu. Kobe akaona giza tupu. Shangazi akaweka ncha ya kalamu pale mwanzo kabisa.

"Soma hapa."

"P. Halafu K."

"Basi. Faili linaweza kudanganya jina, lakini herufi za kwanza hazidanganyi. Fundi wako aliliita jina la kubuni ili lionekane uchafu wa mashine. Hizi mbili ni herufi za jina la mtu aliyebuni namna hii ya kubana. Hili ni furushi, Kobe."

"Furushi."

"Unaposafiri na nguo nyingi unafanyaje? Unazikunja, unazikandamiza, unafunga. Hizi ni hivyo hivyo. Neno likijirudia mara mia, haliandiki mara mia, linaweka alama kwamba lile la nyuma limerudi. Vitu vingi vinaingia mahali padogo. Hili lilikuwa kubwa kuliko disketi moja, basi akalikata vipande."

"Kwa nini maabara wameshindwa kulifungua?"

"Walianza na disketi ya kwanza, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Mafurushi ya aina hii hayaanzi hivyo." Aliitoa ile ya kwanza, akatia ya mwisho. "Aliyefunga hakujua atamaliza na vitu vingapi. Kwa hiyo maelezo ya vilivyomo anayaweka mwisho kabisa, akishamaliza. Ukitaka kuingia, unaanzia alikomalizia."

Kobe alilipenda neno hilo, kwa sababu hata yeye ndivyo alivyozoea kuchunguza watu.

Disketi ya mwisho ilikwama katikati. Shangazi akazima, akaipuliza, akaiomba kwa jina la mama yake, akawasha tena. Yakatokea majina manne: KIPIMO, STOO1, STOO2, STOO3. Yote ni sauti. Mbele ya kila jina kulikuwa na tarehe na saa. Kwenye STOO zote tatu tarehe ilikuwa ya siku ya moto. Saa zilikuwa baada ya king'ora cha kutoka kazini.

"Hakuna simu iliyopigwa, eti," Kobe alisema taratibu.

"Njia ya mwongo ni fupi. Ila usifurahi bado. Ameyafunga kwa neno la siri."

"Majina mbona tunayaona?"

"Kufuli la zamani hili linafunga vilivyomo. Halifungi majina, wala ukubwa, wala namba hii hapa." Alionyesha safu ya mwisho. "Kila faili linapobanwa, programu inalipigia hesabu lote inapata namba moja. Badilisha chembe moja ya sauti, namba inakuwa nyingine. Ni alama ya kidole."

Walijaribu maneno ya siri hadi mchana. Jina la kiwanda. Jina la barabara. Jina la bintiye, lililokuwa kwenye cheti cha kifo, mbele na nyuma. Mwaka wa kuzaliwa. Shangazi alijaribu hata matusi, akisema wanaume wengi huishia hapo. Furushi halikutikisika.

"Majina peke yake hayatoshi?" Kobe aliuliza.

"Wakili wa meneja atasema fundi alibandika majina hayo siku za karibuni ili amchafue mtu. Mimi mwenyewe ningesema hivyo."

Kobe alitazama neno la kwanza. Matatu yalieleweka. KIPIMO lilikuwa nini?

Akampigia aliyekuwa Mpokea Simu wa kiwanda, bibi aliyestaafu na ambaye, baada ya kuvaa visikilizio maisha yake yote, sasa alizungumza kana kwamba dunia nzima iko ng'ambo ya mto.

"Kipimo? Huyo ni mtoto wa Fundi!"

"Mtoto vipi, mama?"

"Alimrekodi bintiye akiwa mdogo, anahesabu moja hadi kumi. Kila Ijumaa akiyabana mazungumzo ya simu tuliyorekodi wiki ile, anatanguliza hiyo. Anasema mtoto akitoka anasikika vizuri, basi na wengine wote humo ni wazima. Tulikuwa tunakasikia kale kasauti kila Ijumaa, tunacheka."

"Ilikuwa sauti ile ile kila mara?"

"Ile ile. Hata binti alipokuwa mkubwa wa kuolewa, humo bado ana miaka minne."

"Mafurushi ya Ijumaa yako wapi?"

"Meneja aliamuru yachomwe yote, wiki ile ile ya moto."

Kobe akaandika, kisha akauliza lililokuwa likimkera tangu aone zile saa. "Mashine ya kurekodi ilikuwa ikijiwasha yenyewe?"

"Wapi. Mpaka mtu akae pale akandamize swichi. Mimi nikishatoka, haijirekodi."

"Na jioni ile ulitoka?"

"Nilitoka, baba. Nikamwacha Fundi anafunga dirisha. Sikuulizwa hilo kortini. Hakuna aliyeniita."

Kobe alikata simu. Kama sauti za jioni ile zilirekodiwa, basi palikuwa na mkono uliobonyeza swichi. Aliyekaa pale ndiye aliyekuwa na kitufe cha mlango. Tangu mwanzo alikuwa akimwinda meneja, akimchukulia Fundi Simu kuwa mwoga aliyeziba masikio. Sasa hakuwa na uhakika kwamba aliyeziba masikio hakusikia kila kitu.

"Shangazi, nikikuletea hiyo sauti ya mtoto, iliyo wazi, isiyobanwa wala kufungwa, itasaidia nini?"

Shangazi alivua miwani yote miwili. "Unayo?"

"Bado."

"Nipe faili hilo, nitalibana kama alivyolibana yeye, niliweke ubavuni mwa lile lililofungwa. Kufuli hili lilitengenezwa enzi za watu kuaminiana. Ukiwa na pacha mmoja aliye wazi, unaweza kuona kufuli lilimfanya nini mwenzake, na kufuli moja ndilo lililofunga wote wanne."

*

Binti wa Fundi alikuwa mkata vioo katika duka la miwani. Kobe alipoingia alimkuta ameinama juu ya jiwe la kunolea, maji yakichuruzika, kioo kidogo kikizungushwa kati ya vidole. Hakuinua kichwa.

"Kaa pale, mzee. Soma mstari wa nne."

"Sikuja kwa ajili ya macho."

"Wote husema hivyo. Soma."

Kobe akasoma. Akakosea mara mbili, na ya tatu alibahatisha.

"Unahitaji miwani," alisema yule binti.

"Ninahitaji, na mimi ni Inspekta. Nimekuja kwa habari za baba yako."

Jiwe liliendelea kuzunguka. "Baba yangu amezikwa na majirani. Mimi nilipata habari kaburi limeshakauka."

"Mlikosana?"

"Kukosana kunataka maneno, afande. Tangu ile kesi ilipokwisha, baba aliacha kusema. Anaamka, anakula, anakwenda kazini, hasemi. Mama amekufa ndani ya kimya hicho. Mimi nimeolewa, hakuja. Ndoa imevunjika, hakuja." Alizima jiwe. "Mtu aliyefanya kazi ya simu maisha yake yote, akashindwa kumpigia binti yake mmoja."

"Siku ya harusi hakuleta chochote?"

Ndipo alipoinua kichwa. Alikuwa na macho ya mtu anayeona karibu kuliko mbali.

"Alituma disketi. Moja, ndani ya bahasha, bila hata neno la hongera. Sisi hatukuwa na kompyuta. Mume wangu alicheka. Mimi nililia chooni, kisha nikaona ni dharau, yakaisha."

"Uliitupa?"

Alikichukua kile kioo, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha mezani. "Kuna vitu mtu hatupi. Hajui kwa nini."

Hapa Kobe angeweza kunyamaza. Angesema tu kwamba ni kumbukumbu, kwamba atairudisha, na angeondoka nayo mchana ule ule. Alilifikiria hilo, na aliona aibu kwamba amelifikiria.

"Sikiliza, mwanangu. Humo kuna sauti yako ukiwa na miaka minne, unahesabu. Baba yako alikuwa akiitanguliza mbele ya kila alichokihifadhi. Ameacha furushi lenye simu za jioni ya moto, amelifunga, na sauti hiyo ndiyo itakayolifungua. Mlinzi ana rufaa wiki ijayo. Lakini nikikuficha hili nitakuwa mwizi: nadhani humo ndani kuna sauti ya baba yako, saa ile na mahali pale alipoapa kwamba hakuwepo."

Alijibu polepole.

"Kwa hiyo unataka nikupe mimi wa miaka minne, umwendee naye baba yangu."

"Baba yako hakuna wa kumfunga tena. Aliyefungwa ni mwingine."

"Na jina lake je? Halifungwi? Mimi ndilo ninalolitumia."

Kobe aliitikia kwa kichwa, maana ni kweli.

"Nikikataa?"

"Ninaweza kuleta hati ya upekuzi. Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

"Kwa sababu yeye alikutumia wewe. Hakututumia sisi. Aliyetaka furushi lisifunguliwe kamwe angelichoma, alikuwa na miaka tele ya kulichoma."

Binti alisimama, akamfungulia mlango. "Tunafunga kwa ajili ya chakula cha mchana," alisema, na haikuwa saa ya chakula cha mchana.

Kobe alirudi kwake. Alikata mkate, akala amesimama jikoni, redio ikiwa imezimwa. Zamani, kesi ikifika hapa, kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Leo nimemwumiza mtu asiye na kosa," naye angejibu, "Kesho mwombe radhi, sasa kula." Siku hizi alijiambia yote mawili mwenyewe, na haikuwa sawa.

Asubuhi hakwenda dukani. Alikaa chini ya ngazi kwa Shangazi akinoa penseli ambazo hazikuhitaji kunolewa. Kabla ya saa nne, mlango ukagongwa. Binti wa Fundi alikuwa amesimama pale na mkoba kifuani. Akatoa disketi iliyofungwa ndani ya kitambaa cha kufutia miwani.

"Nina sharti moja," alisema. "Litakapofunguliwa, nisikie mimi kwanza. Nisije nikayasoma gazetini."

"Utasikia pamoja nasi," Shangazi alisema. "Kaa, mwanangu. Kiti hicho mguu mmoja ni wa kubahatisha, kalia upande."

*

Ndani ya disketi ya harusi kulikuwa na faili moja tu. Shangazi akaipigia hesabu ile namba ya uhakiki, akaiandika kwenye karatasi, akaiweka chini ya namba ya KIPIMO iliyokuwa kiooni. Zilifanana mwanzo hadi mwisho.

"Alama ya kidole ni moja," alisema. "Ni wewe ndani ya furushi, na ni wewe hapa."

Akalibana kwa programu ya mashine yake. Ukubwa ukakataa kulingana na ule wa KIPIMO. Akajaribu programu nyingine, ya zamani zaidi. Ukakataa. Kobe akaanza kuangalia saa, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Nini tatizo?"

"Nguo zile zile, lakini kila mtu ana mkono wake wa kukunja. Nikikunja tofauti, pacha hawalingani, na mchezo umekwisha." Macho yake yakaliendea lile gamba la pili, kompyuta ya Fundi, iliyokuwa sakafuni imevikwa kitambaa chake cheupe. "Kobe, hivi uliibeba kwa sababu gani?"

"Sikujua. Niliona isibaki peke yake."

Waliiinua mezani. Shangazi akaichomeka umeme, na kwa muda hakuna kilichotokea isipokuwa harufu ya vumbi linaloungua. Kisha ikakohoa, ikaguruma, ikawaka. Programu ya kubana ilikuwa humo humo, mahali Fundi alipoiacha. Shangazi akalibana faili la mtoto kwa mkono wa baba yake mwenyewe, akaangalia ukubwa, akaangalia ule wa KIPIMO.

"Lililofungwa limezidi kwa herufi kumi na mbili."

"Tumekosa tena," Kobe alisema.

"Tumepata. Kumi na mbili ndizo kufuli lenyewe linazoongeza. Haliongezi zaidi, halipunguzi."

Akawaweka pacha wawili kwenye mashine yake moja iliyo mpya, akaipa kazi, wakangoja. Mchana ukapita. Shangazi alileta chai. Binti alishika kikombe mpaka kikapoa bila kunywa. Hatimaye mashine ikaandika mstari mmoja, na furushi likafunguka.

Kwa desturi ya Fundi, walianza na kipimo. Kulikuwa na mkwaruzo, halafu sauti ya mtoto, karibu mno na kinasa: "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Nane."

Sauti ya mwanamume ikaingia, changa, yenye kicheko kilichozuiliwa. "Saba yuko wapi?"

"Saba amelala."

"Basi tusimwamshe. Endelea."

"Tisa. Kumi."

Binti aliweka kikombe chini. "Sikumbuki kabisa," alisema. "Sikumbuki kama aliwahi kucheka hivyo."

Shangazi akamtazama Kobe. Kobe akaitikia kwa kichwa.

STOO1. Mlio wa simu ya ndani, kisha sauti iliyokuwa ikihema. Kobe aliitambua hata kabla ya neno la pili, maana aliisikia gerezani juzi, imezeeka tu. "Fundi, moshi unatoka stoo, pengine kuna mtu ndani. Fungua mlango wa nyuma, kitufe kiko kwako." Na jibu: "Ngoja. Ngoja nimuulize meneja."

STOO2. Meneja, ametulia, kama mtu aliyekatizwa chakula. "Usiguse hicho kitufe. Mlango ukifunguka watabeba mali yote. Nakuja." "Bosi, Mlinzi anasema pengine kuna mtu ndani." "Amemwona? Hajamwona. Ukigusa, kesho huna kazi."

STOO3 lilikuwa fupi. "Anagonga, Fundi. Namsikia, anagonga. Bonyeza." Hapo palikuwa na ukimya, na ndani ya ukimya kitu kikigonga mbali, na mtu akipumua karibu. "Fundi, nakuomba." Kisha ile sauti ya kwanza, ya aliyemruhusu saba alale, lakini nyembamba, imekauka: "Nimeambiwa nisiguse."

Kugonga kuliendelea. Halafu rekodi ikakatika.

Juu yao watu walipanda na kushuka wakiongea mambo ya kazi. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa na kidole juu ya kitufe," alisema. "Wakati wote ule. Na baadaye akakaa na hiki kitu mezani, akakisikiliza."

"Hatujui kama alikisikiliza," Kobe alisema.

"Mimi najua."

Kobe alivuta karatasi ya maelezo. Kwa kweli angependa mtu mwingine aulize swali lililofuata. Lakini sauti isiyo na mwenyewe ni upepo tu mbele ya majaji, na Mpokea Simu masikio yake yamekwisha, na wafanyakazi wengine wametawanyika au wamekufa. Katika dunia nzima alikuwa amebaki mtu mmoja wa kusema ni ya nani.

"Meneja tutamtambua kwa njia nyingine, ameshahutubia mikutano mingi. Lakini huyu wa chumba cha simu ni lazima nikuulize, na una haki ya kutojibu. Ni nani?"

Binti alimgeukia Shangazi. "Nirudishie ile ya kwanza."

Shangazi akairudisha. Moja, mbili, tatu, nne. Binti alisikiliza ameinamisha kichwa, vile vile anavyoinama juu ya jiwe lake, mpaka ile sauti changa ilipouliza na yule mtoto alipojibu. Akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe.

"Aliyesema ameambiwa asiguse," alisema, "ni huyo huyo aliyeuliza saba yuko wapi." Akafuta macho kwa kile kitambaa cha miwani, akakikunja vizuri, akakirudisha mkobani. "Andika, mzee. Andika ni baba yangu."

Kobe akaandika.